Mzigo Kidogo

Kishindo imekaa juu ya magogo, Sahare,
propela zake mbili zimevishwa viroba vya sukari.
Bwana Semkiwa aliniachia funguo, daftari
na sentensi moja: "Mwanjaa, usiziache zife."
Kisha akapanda basi la Dodoma.
Masika ilianza siku ileile,
kana kwamba ilikuwa ikimngoja aondoke.

Kwanza nilizinywesha injini maji matamu,
mpira kutoka bomba la Mama Nyange,
dakika kumi na tano kila moja,
mpaka yaliyotoka nikayagusa kwa ulimi
nisiikute bahari.
Oili kuukuu nikaimwaga yote.
Usiiache humo, alitufundisha mwalimu wa VETA,
oili iliyochoka hugeuka tindikali,
hula bearingi usiku, polepole,
kama deni.

Nikatoa impela.
Ukiziacha ndani miezi yote hii
mapezi yake hulala upande mmoja
na kusahau kunyooka.
Nimeziweka kwenye kopo la maziwa ya unga
pamoja na pete ambayo siivai kazini,
wala nyumbani, siku hizi.

Ekzosi nimeziziba kwa vipande vya kanga.
Nyigu wa Tanga hujenga popote penye tundu,
hawaulizi hati ya kiwanja.
Jina la kanga lilikatika kwenye mkasi;
injini ya kulia imebaki na SISEMI.

Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri
naingia na spana kubwa,
nazungusha krenki kwa mkono.
Ya kushoto inakubali.
Ya kulia ina kinyongo chake, sijui cha lini.
Siwashi. Nazikumbusha tu.

Jenereta ndilo lenye mambo.
Lenyewe halitaki kukumbushwa, linataka kazi.
Ukiliwasha bure litaunguruma, utadhani lina raha,
kumbe linajijaza masizi kooni,
linatoa machozi meusi kwenye bomba.
Lipe nusu ya nguvu zake, kitabu kinasema,
saa moja kila mwezi.
Nusu hiyo niitoe wapi,
kwenye boti yenye taa nne na feni bovu?

Jumanne umeme ukakatika.
Friji la Mama Nyange lilikuwa na barafu sitini za ukwaju
na kuku wawili wa hitima ya shemeji yake.
Nikavuta waya juu ya ukuta.
Kwanza friji: sindano ya geji ikatikisika.
Kisha Kiluwa kinyozi na mashine zake,
kisha pasi ya fundi cherehani,
kisha simu ishirini na mbili
zikaning'inia kwenye waya kama popo.
Mtoto wa shule aliyenyolewa upande mmoja tangu asubuhi
akamaliziwa wa pili.
Moshi ulikuwa mweusi, ukawa kijivu,
halafu sikuuona tena.
Na lile jenereta likashusha sauti
kama mchukuzi aliyeipata ngata yake.

Saa tatu. Dizeli, lita nne na nusu.
Malipo, barafu mbili; moja iliyeyuka nikiandika.

Leo Semkiwa kapiga simu. Nikamsomea daftari.
"Saa tatu? Mimi nilisema moja."
Nikakitazama kile kitambaa, SISEMI,
nikasema:
friji, kinyozi, pasi, kuku wa hitima.
Akanyamaza. Nilisikia Dodoma, honi,
mtu akinadi zabibu.
"Na linakwendaje?"
Halina masizi.
"Huko umeme unakatika mara nyingi?"
Mara nyingi.
"Haya," akasema. "Dizeli ya mwezi ujao nitatuma."
Salamu kwa Mama Nyange hakutoa, ila hakukata simu upesi.

Baadaye nikafungua kopo.
Impela zimekaa vizuri, mapezi yamenyooka pande zote.
Pete iko chini kabisa.
Nikafunga.
Kesho Ijumaa. Nitaanza na ya kulia.